Fadhila za Difu ya Nyuma

Difu ni chombo kinachokaa katikati ya ekseli ya nyuma ya gari, ndani ya tumbo la chuma lililovimba kama boga, na kazi yake ni kuvumilia tofauti. Gari linapozunguka kipilefti, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwa Landrova 109 ya Series IIA, ambayo kutoka gurudumu hadi gurudumu ni karibu mita 1.3, mzunguko mmoja kamili huliongezea la nje mita 8 na ushei, kipilefti kiwe cha mji mdogo au cha jiji. Ekseli ingekuwa chuma kimoja kisichokubali tofauti, gurudumu moja lingeburuzwa, tairi lingelika na shafti ingekatika. Difu hulipa kila gurudumu mwendo wake bila kikao, bila mjumbe na bila posho. Kamati za harusi na vyama vya ushirika havijabuniwa kifaa cha aina hii, na pengo lake linaonekana.

Aliyekichukulia hataza ni Mfaransa Onésiphore Pecqueur, mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Pecqueur alikuwa fundi saa, na hilo linaeleza mengi. Mzigo wa watu wawili ulitoka kichwani mwa mtu aliyezoea kushika kazi yake kwa kibano. Ndiyo maana mpaka leo kuunda upya difu kunadai macho ya fundi saa na mgongo wa kuli katika mwili mmoja, na kwa kawaida mwili huo ni wa mwenye gari, umeshavuka miaka hamsini, na daktari ameukataza kuinama.

Landrova yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na haikukawia kuwa gari la bwana shamba, padri, mganga wa wilaya na askari wa wanyamapori. Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha kwa tamasha, yakapangwa msafara. Urefu wa msafara ulipigiwa hesabu. Kilichostahili kupimwa ni sauti, kwa maana ekseli kuukuu mamia kwa mamia zikivuma pamoja kupanda mlima ni kwaya ambayo hakuna kanisa limewahi kuwa nayo.

Fadhila ndogo za difu zitajwe haraka. Ina haki. Hugawa nguvu sawa kwa magurudumu yote mawili. Hivyo moja likizama kwenye utelezi na kukosa cha kushika, mwendo wote hupewa hilo linalozunguka bure, na lile lililokanyaga ardhi ngumu, lenye uwezo na nia ya kuvuta, huachwa limesimama likitazama. Mtumishi wa ofisi yoyote hahitaji kuchorewa mpango huu. Ina unyenyekevu, maana humlaza chali mtu mwenye cheo chake, uso kwa uso na kutu. Ina manukato pia: oili yake ya EP 90 imechanganywa viambato vya salfa, hunuka kama yai viza, na hudumu nyweleni mpaka kwenye harusi ya watu.

Fadhila iliyo juu ya zote, na inayostahili kuelezwa bila haraka, ni ukweli.

Difu haisemi uongo. Katika gari kuukuu, hiki ndicho kiungo pekee kinachofaa kuapishwa. Spidomita hukisia. Geji ya mafuta ni ya matumaini. Maili zinazosomeka kwenye dashibodi zimerudishwa nyuma na kila aliyewahi kuliuza gari hilo, kiasi kwamba likiendelea kuuzwa litafika siku ya kuzaliwa kwake. Injini iliyochoka hunyweshwa oili nzito asubuhi ya mnunuzi ikaacha moshi kwa saa mbili. Rangi mpya hufunika kutu, kapeti jipya hufunika tundu, na stika iliyo kwenye kioo huthibitisha kwamba gari lilikaguliwa likaonekana zima. Difu haijui kusoma stika. Ikiugua inalia, na mafundi wa Afrika Mashariki yote hawana neno jingine la ugonjwa huo: difu inalia.

Kilio hicho kina sarufi, na mwenye sikio huisoma. Mlio mwembamba unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kubadilika akiachia ni wa meno ya krauni na pinioni. Mngurumo usiojali mguu wa dereva, unaofuata kasi ya gari peke yake, ni wa beringi. Kishindo kimoja, ko, wakati wa kuondoka ni uwazi uliozidi baina ya meno, au miiba ya shafti iliyolika. Mgoto wa mara kwa mara unaohesabika kama saa ya ukutani ni jino lililomeguka, na huo si wa kufikisha safari. Hakuna jedwali la kutafsiri wala mshauri wa kukodiwa. Mgonjwa anasema mwenyewe panapouma, jambo ambalo hata wagonjwa wenye ulimi hawaliwezi.

Madalali wamejaribu kuihonga. Hila kongwe kabisa, inayosimuliwa Ulaya kama inavyosimuliwa huku, ni kuijaza unga wa mbao au ndizi mbivu kabla mnunuzi hajafika. Vitabu vya ufundi havisemi kama inayofaa ni kisukari au mkono wa tembo, na uwanja huo wa utafiti uko wazi. Ndizi hulainisha mlio kwa siku chache. Kisha shahidi huyu aliyehongwa hufanya jambo lisilozoeleka kwa mashahidi: huila hongo yote, huisaga ikaisha, na kuendelea na ushahidi pale pale alipokatizwa, kwa sauti kubwa zaidi.

Zipo hoja nzito, basi, za kuweka difu moja katika kila mkutano mkuu wa mwaka. Ifungwe kwenye stendi kando ya meza kuu, izungushwe polepole wakati mweka hazina anasoma taarifa, na wajumbe wasikilize. Mabaraza ya ardhi yangeipata kuwa msaada, hasa katika kesi ambazo shamba moja lina hati tatu. Wanaotoa salamu za rambirambi wangeizingatia wanapofika kwenye maneno kuhusu tabia ya marehemu. Gharama ni chini ya lita mbili za oili, na posho haihitaji.

Kuishusha difu ya Series IIA ni kazi ya asubuhi moja kwa mujibu wa kitabu cha kiwanda, ambacho kiliandikwa na watu wenye shimo la gereji, taa na msaidizi anayelipwa. Uani huchukua siku mbili. Gari huinuliwa na kuketishwa kwenye stendi, kamwe si kwenye jeki peke yake wala matofali. Oili humwagwa kwanza, nayo huanza kutoa ushahidi ikiwa bado inatiririka. Weusi ni uzee tu. Mng'aro wa chembe laini ni uchakavu wa kawaida. Kipande kinachookoteka kwa vidole ni jino, na hili halioti tena.

Propela shafti hufunguliwa na kusukumwa kando. Hafu shafti mbili huvutwa kutoka kwenye habu bila kung'oa magurudumu, na hapo ndipo huonekana kama zote ni nzima, kwa sababu hafu shafti za nyuma za modeli hii zina sifa ya kukatika, hasa kwa dereva anayeachia klachi kwa hasira. Ikikatika njiani, mpini wenye kifundo cha njano hubonyezwa chini, magurudumu ya mbele yakaingia kazini, na gari hurudi nyumbani likijivuta kwa mbele kama mbwa aliyevunjika kiuno. Ushahidi mwingine huo: hakuna aliyefichwa kilichotokea.

Nati kumi hushikilia difu kwenye tumbo la ekseli. Ni nati za kipimo cha inchi, na nyumba yenye seti nzima ya spana za milimita haina hata moja ya kuzifungua vizuri. Inchi 9/16 ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii, na ya 15 huingia, huzunguka, na huondoka na kona za nati. Nati ya mwisho ikitoka, difu hubaki imening'inia kwenye vijiti vyake kwa adabu, ikisubiri kifua cha mtu kifike chini yake. Wenye Series III 109 wana ekseli ya Salisbury, ambayo difu yake haitoki nzima kwa mbele. Hufunguliwa mfuniko wa nyuma na kutolewa vipande kwa vipande, tena baada ya nyumba yake kutanuliwa kwa kifaa maalumu. Hao wamebarikiwa mara mbili.

Juu ya meza, kabla ya kufungua chochote, vifuniko vya beringi za pembeni hupigwa alama, cha kushoto na cha kulia, kwa kuwa vilichongwa vikiwa mahali pake na havibadilishani. Ndani hukutwa krauni yenye meno 47 na pinioni yenye meno 10. Kwa kuwa 47 na 10 hazina kigawanyo cha pamoja, kila jino la mmoja hukutana na kila jino la mwenzake kabla duru haijaanza upya. Hakuna jino lenye mpenzi wake wa pekee. Wawili hawa walisagwa pamoja kiwandani wakazoeana, na mmoja akifa, mwenzake huzikwa naye hata kama hana kovu. Krauni kuukuu kwa pinioni mpya ni kelele ya kudumu.

Maelezo haya ni mafupi na yako katika kila kitabu. Hata hivyo wapo wauza spea ambao, wakiulizwa seti, huleta pinioni pekee na kusema, "Mzee wangu, krauni yako nimeiona, bado ina maisha." Krauni yenyewe iko uani, kilomita 11 kutoka dukani.

Vipimo ndivyo vinavyotenganisha kuunda upya na kufunga tena uchakavu ule ule. Uwazi baina ya meno ya krauni na ya pinioni kwa difu ya aina hii ni milimita 0.2 hadi 0.25, yaani upana wa nywele tatu hivi, na hupimwa kwa geji ya saa iliyosimamishwa kwenye jino. Kina cha pinioni hurekebishwa kwa shimu, vipande vya chuma vyembamba kama karatasi. Mkazo wa beringi za pinioni hupimwa kwa uzi uliozungushiwa flenji na kuvutwa kwa mizani ya ndoano, na mizani ya muuza samaki hufaa kabisa ikioshwa. Beringi mpya huchemshwa kwenye oili, joto likae karibu na nyuzi 100, ili itanuke iingie bila nyundo. Sufuria inayotosha ni ya wali wa wageni. Pinioni hulazwa kwenye friza usiku mzima isinyae, kando ya vibua. Utaratibu huu una sifa ya kuwafahamisha watu wote wa nyumbani hatua ambayo kazi imefikia.

Difu iliyo mezani ina ukarimu pia. Huleta wageni. Mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu wa benki, hufika kueleza kwamba difu za zamani zilikuwa ngumu. Kijana wa bodaboda husimamisha pikipiki na kushauri iuzwe chuma chakavu. Fundi wa jirani hushika pinioni, huizungusha mara moja, na kutamka kwamba mkazo uko sawa kwa sababu mkono wake unajua. Akionyeshwa mizani ya samaki inasema vingine, huitazama mizani kwa huruma. Wa nne hutaja ndizi.

Kuhusu beringi, somo linataka utulivu. Difu hii ina beringi nne kubwa za roli zenye umbo la pia, na zote hubadilishwa kwa pamoja. Sokoni huuzwa kwa majina ya ubora. Kuna "jenuini", kuna "orijino", kuna "namba moja" na kuna "ya Dubai", na uhusiano wa majina haya na kilichomo kwenye boksi ni kama wa jina la basi na kasi yake. Dubai ni bandari ambayo spea nyingi hupitia kuja pwani hii, nzuri na mbovu, zikiwa bega kwa bega katika kontena moja. Bandari haitengenezi beringi.

Kwa mfano, na ni mfano tu, beringi huweza kununuliwa Jumamosi saa tisa alasiri katika duka lenye kalenda ya mwaka juzi ukutani, kwa bei ya jenuini, ndani ya boksi lililofungwa kwa nailoni. Boksi linataja nchi moja. Beringi inataja nchi nyingine. Kikombe chake kinataja ya tatu, na herufi moja ya jina la kiwanda imekosewa, imekosewa kabisa, herufi ambayo mtoto wa darasa la pili angeipata, na namba ya awali imesagwa kwa jiwe na nyingine kuandikwa juu yake kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Ikirudishwa Jumatatu, muuzaji yule yule aliyesema "mzee wangu" sasa anasema "mzee", na kidole chake kiko kwenye maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Jirani wa duka anaapa kwamba yeye asingemuuzia mtu kitu kama hicho, na anatoa yake. Ni ile ile. Imetoka kwenye kontena lile lile. Nailoni tu ndiyo tofauti. Ofisi inayoshughulika na ubora, ghorofa ya pili, hupokea malalamiko siku mbili kwa wiki, huomba risiti, huisoma, na kuonyesha kwa upole kwamba risiti haisemi beringi. Inasema "spea mbalimbali". Aliyeiandika alijua anachofanya.

Kurudi kwenye vipimo. Sehemu zote zikiwa zimeoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa, pinioni hufungwa kwanza, kisha krauni, na nati kubwa za pembeni huzungushwa kidogo kidogo, moja ikilegezwa na nyingine ikikazwa, mpaka geji isome sawa. Hapo hufuata hatua iliyo nzuri kuliko zote. Meno machache ya krauni hupakwa rangi ya kukagulia, iliyo nzito kama dawa ya meno, na pinioni huzungushwa kwa mkono huku krauni ikizuiliwa kidogo. Meno yakigusana hufuta rangi, na alama hubaki. Alama ikikaa katikati ya jino, kazi imekubalika. Ikizama kwenye mzizi wa jino, pinioni imeingia mno na shimu hupunguzwa. Ikikaa kileleni, pinioni iko mbali na shimu huongezwa. Hufunguliwa, hubadilishwa, hufungwa, hupakwa tena. Mara sita si nyingi.

Difu hapa hutia saini kwa kila jino. Haiandiki "meno mbalimbali".

Kurudisha ni kutoa kinyumenyume, isipokuwa uzito umeongezeka. Gasketi mpya huwekwa, difu huinuliwa na watu wawili ambao hawajagombana asubuhi hiyo, nati kumi hukazwa kwa mkingamo, hafu shafti hurudishwa zikipapaswa mpaka miiba iingie. Propela shafti hufungwa kwa nati mpya. Oili hujazwa mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Oili hii isimwagwe kwenye giaboksi kwa kudhani oili ni oili. Ya daraja la GL-5 inaweza kuzila sehemu za shaba huko, na giaboksi, tofauti na difu, haitasema mpaka ifike mahali pasipo na duka.

Gari hujaribiwa kwenye barabara tambarare, madirisha wazi, redio imezimwa, kwanza kwa kilomita chache za upole, kisha difu huguswa kwa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikiunguza, beringi zimekazwa mno. Baadaye mwendo hupandishwa taratibu. Abiria, kama wapo, husema kwa pamoja kwamba imepona. Fundi wa jirani, aliyekaa nyuma, husema alijua. Muuzaji wa beringi, akipigiwa simu, husema hata ikilia kidogo ni kawaida, inajizoesha. Kwenye kilomita 55 kwa saa kuna ukimya kamili. Kwenye 60 pia. Kwenye 65 huanza mngurumo mdogo, usiobadilika mguu ukikanyaga wala ukiachia, unaofuata kasi peke yake.

Huo ni wa beringi. Gari huinuliwa na kuketishwa kwenye stendi, beseni huwekwa chini ya tundu la kutolea, na oili, ambayo bado ni mpya, humwagwa kupitia kitambaa safi ili itumike tena.